Chupa ya Chausiku

Jumatatu, 6 Machi 1978
Chausiku, muuza vitumbua wa sokoni, amefariki saa nne asubuhi. Kaharisha tangu jana. Dakta Gregory kaniletea choo cha marehemu maabara, kwenye chupa. Je, ni kipindupindu? Nimetazama kwa darubini mara mbili. Wadudu wale hawatulii, hukimbia huku na huko. Hapa — kimya. Nimeandika: HAKUNA.

Ndugu wamepewa maiti yao. Ingekuwa kipindupindu, angezikwa na watu wa afya, kwa klorini. Sasa ataoshwa nyumbani kwa heshima. Mwoshaji ni mama yangu mdogo Mwanaima, kama kawaida. Wamenishukuru!

Jumanne, 7 Machi
Silali vizuri. Choo kile kilikuwa cheupe, kama maji ya kuoshea mchele. Nimefungua kitabu cha chuo. Mdudu haingii hata nyamani. Hunata juu ya utumbo, akasukuma sumu yake nje, ipite gamba lake, imwingie mtu. Inapitaje gamba lile? Kitabu kinasema bado haijajulikana.

Mimi pia sikuingia nyumba ya msiba. Nilitoa karatasi tu.

Jumatano, 8 Machi
Nimemuuliza Sista Apolonia alitoa wapi chupa ile. Kasema chupa zimeadimika, anazirudia, anaziosha kwa Lysol, dawa ya kuulia wadudu. Na kusuuza? Kacheka: wiki nzima bomba halitoi tone, asuuze kwa mate?

Lysol! Wadudu walikuwa wamekufa. Ndiyo maana hawakucheza.

Na mwoshaji hukamua tumbo la maiti kwa mkono. Ya Rabi.

Nilifika mlangoni kwa Dakta. Nikarudi. Nitamwambia kesho. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 9 Machi
Mama mdogo kaletwa kwa baiskeli alfajiri. Macho yamezama, sauti ni mnong'ono tu. Choo chake nimekipokea kwa chupa niliyoichemsha mwenyewe. Wanacheza. Wamejaa.

Nimemwambia Dakta yote. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Kasema nikapate majina ya wote walioingia chumba cha kuoshea.

Nimeinama kitandani. Shikamoo, mama mdogo. Kanijibu marahaba, kisha: "Si uliandika mwenyewe, mwanangu, kwamba hana kitu?"

Nani alikuwa nawe?

"Peke yetu. Mimi nakamua, dada anamimina maji."

Dada yupi?

"Mama yako. Hakukwambia?"

Asubuhi nimemwacha mama amelala. Yeye, anayenitangulia kuamka kila siku! Nilidhani kachoka na msiba. Nikamwekea uji pembeni, nikafunga mlango polepole nisimwamshe. Namngoja dereva wa hospitali tukamchukue. Saa tatu sasa, bado anatafuta ufunguo wa gari.