Sweta la Mkono Mmoja

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na shemeji, na lile goti limeacha kukusumbua. Huku tunapumua, watoto wanakula kama mchwa.

Uliponiuliza kazi zangu za mikono zimefikia wapi, nilikubadilishia mazungumzo. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu sauti ingenikwama. Dada, zimelala. Kiti nilichoanza kusuka kina mgongo, hakina pa kukalia. Cherehani imegeuka meza ya nguo chafu. Sweta la kitinda mimba wetu lilikuwa na mkono mmoja, hadi baba watoto akatania kwamba labda kuna jambo najua kuhusu mtoto ambalo yeye hajaambiwa.

Nilidhani ni uchovu. Unaijua ofisi ya shule wakati wa mitihani: wazazi mlangoni, simu hazikatiki, mwalimu mkuu anakuita kabla hujakaa. Nikajipa moyo kwamba likizo ikifika nitamaliza. Ikafika. Nikawa nakaa na sindano mapajani, nahesabu vitanzi, napotea, nafumua, mwisho narudisha kila kitu kapuni.

Wiki iliyopita jirani yangu fundi nguo, tunayemwita Mama Pacha, aliliona sweta akaomba alimalizie. Nikampa. Juzi kalileta, mikono miwili na vifungo juu. Mtoto akalivaa akazunguka nalo uani, watu wakinipongeza. Sikusikia kitu, dada. Si furaha, si wivu, hata haya sikuona. Nilisimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba.

Hapo niliogopa. Nikamwita baba watoto chumbani nikamwambia niliyokuwa nayaficha: kwamba huu si uvivu, wala si sweta tu. Chakula nakitafuna kama karatasi. Kazini najifungia chooni nalia, nanawa uso, narudi kupokea simu. Mtoto akiita mama, natamani angekuwa anamwita mtu mwingine.

Akaketi kando yangu, akasema, "Mbona umeyabeba haya peke yako?" Wiki ijayo ananipeleka kwa daktari.

Najua nitaulizwa hali hii ilianza lini, nami sijui. Wewe unanijua tangu ukinibeba mgongoni. Jaribu kukumbuka mara ya mwisho uliponisikia nikicheka, kicheko cha kweli, uniambie upesi.

Msalimie shemeji na wote hapo nyumbani.

Ni mimi,
mdogo wako.