Nani wa Unionville

Jumapili

…na bado sikumwamini. Tangu harusi, kila jioni Rahim wangu, asali wa roho yangu, hujifungia jikoni na simu akinong'ona Kigujarati. Leo nilimfuata.

"Unaongea na nani?"

"Na Nani."

"Usinifanye mjinga, Rahim!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao Nani ndiye bibi mzaa mama! Bibi humhadithia India, walikotoka wazee wao kabla ya kuhamia Mwanza, jangwa jeupe kwa chumvi kama theluji ya hapa Toronto. Akanipa simu.

"Mke mwenzangu," bibi akanitania kwa Kiswahili safi cha Mwanza, "mbona anakuficha?"

Shaka ikanirudia. Nampenda Rahim kufa, lakini je, ananionea aibu? Kabla mwezi haujaisha nitakwenda kwake Unionville, hapa pembeni mwa Toronto, nikae na Nani ana kwa ana.