Luhaga wa Kwenye Gemu

Chitete,
12 Oktoba 2013

Mdogo wangu Uledi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Shemeji yako Hamis anakusalimu, na tumbo langu limekua mpaka watoto wa darasa la tatu wananibebea madaftari bila kuambiwa. Mguu unaendeleaje? Simu hupokei, ndiyo maana nimeandika na kumpa Makene, anayeleta abiria huku kwa pikapu yake. Yeye huwezi kumzima.

Mama ananiambia umeishusha ile Pleistesheni ya marehemu baba kutoka juu ya kabati, na kwamba bado inawaka. Nilicheka peke yangu ofisini. Unakumbuka baba alivyoletewa na rafiki yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, pamoja na gemu moja tu, lile la watu watatu wanaosafiri nchi kwa nchi kuutafuta mnara? Wewe ulishika pedi ya kuchezea, mimi nikasoma Kiingereza na kukutafsiria, na pale nisipoelewa nikatunga. Umeme ukikatika tulirudi mwanzo, kwa kuwa hatukuwa na memori kadi. Huo mnara hatukuwahi kuuona hata mlango.

Umefika wapi? Na unatoka nje walau kuota jua?

Dada yako,
Ikram


Tunduma,
3 Novemba 2013

Dada Ikram,

Shikamoo, na waalaykum salaam. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mama hajambo, yuko kwenye vitenge vyake, anabishana bei na Wazambia kwa kile Kibemba chake cha kuungaunga. Mguu umeunga, plasta imetolewa, natembea kwa fimbo. Nje sijatoka sana.

Gemu sasa ni jingine kabisa, maana fundi redio wa sokoni amenipatia memori kadi. Umeme ukikatika nalala tu, kesho naanzia nilipoishia. Nimegundua pia ulinidanganya sana. Yule mzee wa kivukoni uliyesema anamtafuta mbuzi wake, kumbe anamtafuta mke wake. Mimi bado napenda mbuzi.

Majina unaweka mwenyewe, kama zamani. Mwenye dawa bado ni Ikram. Mwenye upanga ni mimi. Yule mkubwa mwenye ngao, ambaye zamani tulimwita Baba, safari hii nimemwita Luhaga.

Nimeshaingia mnarani. Kumaliza nakusubiri wewe. Njoo likizo ya Desemba.

Mdogo wako,
Uledi


Chitete,
8 Desemba 2013

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Mama amenipa habari za mguu wako, nikamshukuru Mungu. Zangu si nzuri sana. Nesi amesema presha imepanda, nisisafiri, nilale ubavu mpaka nijifungue. Barabara nayo mvua imeshaitafuna. Kwa hiyo likizo siji, na najua utanuna. Njoo wewe na hicho kimashine chako. TV tunayo, na Hamis ana jenereta la saluni.

Lakini Mama ameniambia na jambo jingine. Kila siku unapigana pigano lile lile la mnarani, na ukikaribia kushinda unazima. Akikuuliza, unamjibu, "Bado." Nilidhani unanisubiri mimi. Bado nini, Uledi?

Dada yako anayekuwaza,
Ikram


Tunduma,
17 Desemba 2013

Dada,

Shikamoo. Pole na presha. Lala, usiguse jembe wala chaki.

Nitakujibu ukweli. Pigano lile haliishi mpaka mwenye ngao aanguke. Nimejaribu kila dawa. Joka linalolinda mnara linatoa pigo lake la mwisho, yeye anasimama mbele yetu, anaanguka, ndipo wewe na mimi tunashinda. Kila akianguka nazima, narudi nyuma, namkuta mzima.

Hujawahi kuniuliza habari za ajali, nami nakushukuru. Lori lilipokosa breki mteremkoni, Luhaga akiwa dereva na mimi utingo wake, aliniambia, "Uledi, ruka." Nikamwambia turuke wote. Akasema, "Nikiachia usukani tunaua watu pale chini." Nikaruka. Yeye akalipeleka lori kwenye ukingo wa mlima. Mpaka leo, nikisikia malori yanapumua breki pale foleni ya mpakani, naingia ndani na kufunga dirisha.

Gari sitaweza kupanda, dada. Niwie radhi.

Mdogo wako,
Uledi


Chitete,
23 Desemba 2013

Uledi wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi. Barua yako nimeisoma nimelala, na Hamis aliponikuta nalia alidhani uchungu umeanza.

Sina la kukufundisha. Nakwambia tu ninalolitaka: nataka uwe hapa mwanangu akizaliwa. Naogopa. Ile mimba ya kwanza unajua tuliipoteza, na Mama sijamwambia ninavyoogopa hii, maana atafunga biashara na kukosa usingizi. Nakwambia wewe.

Makene anatoka huko Jumamosi. Nimemwambia aende polepole, na mahali popote ukitaka kushuka utembee kidogo, asimamishe gari akusubiri. Akasema sawa.

Dada yako,
Ikram


Tunduma,
9 Februari 2014

Dada Ikram,

Shikamoo. Binti yetu hajambo? Bado ananguruma akinyonya? Mama ameizungusha picha yake soko zima, na wateja wake wa Nakonde wametuma kitenge cha kumbebea.

Nimefika salama. Wakati wa kuja huko nilishuka kila baada ya kilima, na Makene aliongeza sauti ya redio ili abiria wasinisikie nikitapika. Kurudi nimeshuka mara moja, tena kwa haja ndogo.

Nafikiria sana ile alasiri tulipomaliza gemu. Wewe umelala ubavu, mtoto kifuani, Hamis amemwacha mteja saluni kanyolewa nusu ya kichwa. Luhaga alipoanguka, kidole changu kilikwenda kwenye kitufe cha kuzima. Ukasema tu, "Tuendelee." Tukaendelea.

Sasa sikia hili ambalo hulijui. Juzi nilipanda basi la Kosta mpaka Mlowo, nikaunganisha mpaka Itaka, kwa mama yake Luhaga, mama Roda. Kwenye mazishi sikufika, nilikuwa nimelazwa. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikamwambia mimi ni nani. Akanipa kigoda, kisha akauliza, "Aliogopa?"

Nikamjibu, "Alikuwa na haraka ya kunitoa mimi, mama." Nikamsimulia yote, na ya wale watu wa chini ya mteremko pia. Hakuna aliyewahi kumwambia, dada. Miezi yote hiyo alichosikia ni kwamba dereva alikuwa mzembe.

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Ndipo akainuka, akaenda kuwaita majirani zake, nyumba kwa nyumba, mpaka ua ukajaa. Akaniambia, "Sasa sema tena, na hawa wasikie."

Nikasimama, nikasema tena.

Mdogo wako,
Uledi