Muhuri wa Thelathini na Nane

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwanza, maana mama alitufundisha kuwa barua isiyo na salamu ni mgeni asiyepiga hodi. Hujambo? Kichwa kinakupa nafasi ya kulala? Wanao wako hapa kwangu, wazima, wanakula kama mchwa. Mimi nami ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wa fundi viatu haujawahi kuwa habari.

Barua yako niliipata juzi. Unasema ukishafanyiwa upasuaji, jambo la kwanza ni kumshtaki yule daktari aliyekupa vidonge vya kichwa na kukurudisha nyumbani miaka mitano iliyopita. Unaniomba niwe shahidi wako. Nimeisoma mara tatu.

Kwa daktari bingwa wako nilikwenda kama ulivyotaka. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya choroko, nayo ndiyo inayoziamrisha nyingine. Yako imeota uvimbe, ikawa inamwaga homoni ya ukuaji bila kipimo. Mtoto angerefuka, lakini mifupa ya mtu mzima imekwisha kufunga, kwa hiyo hupanuka: vidole, taya, nyayo. Ulimi nao hukua na sauti huwa nzito. Jasho, kukoroma, hedhi kukatika, vyote vimepita mlango huo mmoja. Sasa uvimbe unabana mishipa ya macho, ndiyo maana huwaoni wanaokujia kwa pembeni. Watautoa kupitia puani. Nilimuuliza kama macho yatarudi, akasema angependa sana kuniambia ndiyo.

Nikamkumbuka aliyekuwa mumeo, nikatema mate. Pete ilipokataa kuingia kidoleni, alisema umeivua kwa ajili ya bwana mwingine. Sauti ilipobadilika akakuita jikedume mbele ya wageni. Ofisini walipokutoa kwenye uchapaji kwa sababu kidole chako kilibonyeza herufi mbili kwa mpigo, akasema ni uvivu. Mungu ampe viatu vya kubana mpaka kaburini.

Lakini nyani haoni kundule, na mimi nimemsema vya kutosha.

Unakumbuka siku nilipokuambia mguu wako umetoka thelathini na nane umefika thelathini na tisa? Mumeo alicheka mpaka akashika ukuta, nawe ukalia hapa kibandani kwangu, kiatu mkononi. Tangu siku ile sikukuambia tena. Kila ulipokuja nilikupima, nikachukua kalibu ya mbao ya kuundia kiatu, iliyo kubwa zaidi, nikashona, kisha nikapiga muhuri wa thelathini na nane kwenye soli. Ukawa unafurahi kwamba angalau miguu imetulia. Watu husema tenda wema uende zako. Mimi nilitenda, nikaendelea kutenda mwaka baada ya mwaka.

Daktari yule alikuuliza, mdogo wangu. Nilikuwa nimekaa nawe kwenye benchi, mumeo upande wa pili. Aliitazama mikono yako kwa muda, akasema, "Viatu vyako vimebadilika namba miaka hii?"

Ukamjibu kwa fahari, "Hapana. Kaka yangu ndiye anayenishonea. Ni thelathini na nane siku zote."

Akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikiogopa kicheko cha mumeo, na nilidhani swali la viatu ni la kupitisha muda tu, maana nani aliwahi kutibiwa kichwa kwa kupimwa mguu? Akaandika, akafunga faili, akakupa vidonge. Siku hiyo ulikuwa umevaa arobaini na moja.

Bingwa ameniambia kwamba wakati ule uvimbe ungekuwa bado mdogo, haujagusa macho. Sikumwambia ninachokuambia wewe. Nimeona aibu, na najichukia kwa hiyo aibu kuliko kwa muhuri wenyewe.

Kwa hiyo siwezi kuwa shahidi wako. Ukimshtaki yule daktari, nitasimama upande wake.

Watoto wanakusalimu, na mdogo anauliza utarudi lini. Siku ya upasuaji nitakuwa nje ya wodi tangu asubuhi. Kama hutaki kuniona, mwambie muuguzi, nami nitaondoka bila kuuliza.

Ni mimi kaka yako,
Fundi