Chupa za Tumbaku Chumbani kwa Mgeni

Baba Godlove,

Wali uko jikoni, samaki ukaange mwenyewe. Nimekwenda gatini Kilindoni kumrudisha mama yangu kabla boti haijaondoka.

Asubuhi alisogeza chupa zako za tumbaku ya kiko apate pa kuweka nguo zake, ukamfokea: "Usiguse, inakomaa!" Mgeni wa jana tu! Akaniambia, "Nyumba yenu imejaa, mwanangu," akajitwisha begi lake.

Miaka mitano unaivundika tumbaku kama ndizi, na ukiionja unakohoa mpaka majirani wanakupa pole!

Chupa ~~nimezitupa~~ nimezihamishia bandani kwa kuku. Usizirudishe.

Ukitusikia mlangoni, toka umpokee mzigo, umwamkie shikamoo kwa sauti ileile uliyomfokea nayo.

Mama Godlove