Uji Uliopoa Ruhuwiko

Mume wangu, Baba Zuhura,

Assalaam alaykum kutoka chumba cha uani kwa dada yako, hapa Ruhuwiko, Songea. Ukungu umejaa mpaka dirishani. Nimeota natembea kwenye mikorosho yetu, mikono mitupu, bila ile chupa ya soda ya kuninusuru nisizimie. Nikatembea, nikatembea, wala sichoki.

Ghafla mdomo ukajaa sukari. Kufumbua macho, wifi kaniinamia na kijiko, analia: "Meza, wifi, meza! Umezimia!" Kumbe amekuta uji alioniwekea jana niunywe usiku umepoa, haujaguswa, na jua limeshatoka.

"Wifi, nilikuwa nimelala tu," nikamwambia. Tukacheka mpaka mshono wa operesheni ukauma.

Basi ni kweli walivyosema madaktari kule Mbeya. Ile kansa adimu iliyokuwa inamaliza sukari mwilini mwangu imetoka yote, pamoja na kipande cha kongosho. Nimelala usiku kucha bila kula, na nimeamka mzima.

Zima ile alamu ya simu uliyokuwa unaamkia kila usiku kunilisha. Na wewe sasa ulale, mpenzi, mpaka adhana.

Wako,
Mama Zuhura