Maboksi Manne Siku ya Kaburi la Baba

Shirimatunda, Moshi
9 Machi 2025

Mpendwa Dada Flavia,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu, Violet na kaka yake. Nasikia baridi ya Ujerumani mwaka huu imekuwa kali. Huku sisi tunalalamikia joto la Machi, na kila asubuhi tunautazama mlima kama utatushushia mvua. Victoria mke wangu hajambo, watoto hawajambo, na ng'ombe wa mama amezaa ndama jike. Mama mwenyewe ni mzima kule Rombo, ila magoti yanamsumbua kwenye mteremko.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Nilijitoa kwenye kundi la familia la kwenye simu mwezi wa kwanza, na uliponipigia mara mbili sikupokea. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa naona haya, na mwenye haya sauti yake humchongea, ndiyo maana nimeshika kalamu. Anakuletea kijana wa Mzee Sylvanus, anayerudi chuoni huko kwenu.

Unakumbuka mama alituomba jambo moja tu kwa siku ya kubariki kaburi la baba, Desemba iliyopita. Hakuomba vigae vya bei mbaya wala mahema. Aliomba asikie gitaa la baba likipita kwenye amplifaya yake ya zamani, ule wimbo aliomtungia walipokuwa wachumba. Boksi la spika lilishaliwa na mchwa, ikabaki amplifaya peke yake, na ilikuwa nzima. Mimi kitinda mimba, ambaye kwa desturi ndiye wa kukabidhiwa kihamba cha wazazi, yaani nyumba na shamba la migomba, nikasema hilo niachieni mimi.

Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na baba akifungua mitambo yake, mimi nikikimbizana na mbuzi. Ukanieleza kwenye simu taratibu, kama unavyowaeleza wagonjwa wako dawa: nitafute spika moja ya gitaa, ya inchi kumi na mbili, ya ohm nane kama ilivyoandikwa nyuma ya amplifaya, niifunge kwenye boksi la mbao lililo wazi nusu mgongoni, sauti itoke mbele na nyuma kama baba alivyopenda. Nikasema sawa dada. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilikusikia vizuri kabisa na bado nikavunjika.

Spika hiyo ilikuwepo dukani kwa Fahad, pale mjini. Niliishika mkononi. Ilikuwa nyepesi, karatasi yake nyembamba, na moyoni nikaidharau. Pembeni yake yalipangwa maboksi ya disko, kila moja na spika ya besi ya inchi kumi na tano, yamefunikwa zulia jeusi na kutiwa vyuma kwenye kona. Unawajua watu wa kwetu Desemba. Wakishapanda kutoka Dar na Arusha, kila kihamba kinataka kisikike. Mwaka juzi wana wa Shedrack, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, walitupigia muziki mpaka kuku wakasahau kutaga. Nikawaza, safari hii watatusikia sisi. Fahad aliniuliza amplifaya yangu ni ya ohm ngapi. Nikamjibu inabeba zote. Akacheka, akadhani namtania, akanipakilia maboksi manne.

Niliyajaribu hapa nyumbani kwa sauti ndogo. Dada, gitaa la baba lilisikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nyuzi nyembamba hazikutoka kabisa, maana spika zile zimetengenezwa kwa ngoma na besi. Victoria akasema mbona halifanani. Nikamwambia likipandishwa sauti litafanana. Wala sikujua, au niseme sikutaka kujua, kwamba maboksi manne ya ohm nane ukiyaunga pamoja vile nilivyoyaunga yanakuwa ohm mbili tu, na ohm zikipungua umeme huvutwa zaidi, hivyo amplifaya iliyoundwa kulisha boksi moja inakamuliwa kupita uwezo wake. Ni sawa na kumwachia ng'ombe mmoja ndama wanne.

Siku yenyewe misa ilikwisha vizuri, padre akanyunyiza maji ya baraka juu ya kaburi pale katikati ya migomba. Mama akaletewa kiti karibu yangu kabisa, pembeni ya maboksi. Alikuwa amevaa kile kitenge ulichomtumia. Nikapiga mistari miwili ya wimbo, ikatoka ngurumo tupu. Nilimwona mama anainamisha kichwa, anautafuta wimbo wake ndani ya ngurumo ile. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Pakanuka kuungua, moshi ukatoka kwenye amplifaya, kisha kimya.

Amplifaya nilikuwa nimeiweka nyuma ya maboksi, kwa hiyo moshi tuliuona mimi na mama tu. Harufu watu walidhani inatoka kwa wachoma nyama. Wote wakanigeukia. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na baada ya chakula ndipo wangenikabidhi kihamba. Kabla sijafungua mdomo, mama alisimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia azime," alisema. "Masikio yangu hayawezi makelele haya. Twendeni tukale."

Shangazi Ruth akamjibu palepale, "Hata leo, Magdalena? Gitaa la kaka yangu, kwenye kaburi lake, unalizima?"

Mama akashika njia ya jikoni. Wewe ulikuwa unatutazama kupitia simu ya binti wa shangazi, ukayasikia hayo, ukakata simu.

Nami nilinyamaza. Hapa ndipo mkono unakuwa mzito. Nilikunja nyaya, nikanawa, nikaenda kukaa na wazee. Wakanikabidhi kihamba, wakanikatia fungu la nyama la mwenye nyumba, nikalila lote. Kwa kuunguza amplifaya nisingekosa usingizi, mitambo huungua. Nyama ile ndiyo inayonitia aibu mpaka leo, maana niliila huku mama yangu akinywa maji peke yake jikoni kwa sababu yangu.

Maneno yakaenea. Kwenye jumuiya wakaanza kumwita Mama Masikio. Kwenye soko la Mkuu nilimsikia mwanamke mmoja akisimulia kwamba mjane wa Primus hakumpenda mumewe hata siku moja, ndiyo maana alilizima gitaa lake kaburini. Nilikuwa nachagua nyanya. Nikazichukua nyanya zangu, nikaondoka. Na wewe najua ulimpigia mama kesho yake ukamwambia maneno makali, na tangu hapo hujampigia tena. Yeye hakuniambia. Niliyapata kwa shangazi, aliyekuwa akikusifu kwa kumsema.

Jumatano ya Majivu nilishindwa kuvumilia. Nilikata jani la sale pale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa, nikampelekea mama kumwomba msamaha. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Unajua kwetu sale halikataliwi. Hata mtu aliyeuawa ndugu yake, akiletewa sale hulipokea. Mama alilitazama, akaendelea kumenya.

"Hilo si la kwangu, Fabi," alisema. "Mimi nilijua ninachosema, na mtoto ni wangu. Kuna watu umewaacha wananiona mbaya. Wapelekee hao."

Nikapanda kwa Shangazi Ruth na jani langu mkononi, njia nzima nikiinamisha uso kila ninapopishana na mtu. Nilimweleza yote mbele ya wajukuu zake, kuanzia maboksi hadi moshi.

"Kumbe mke wa kaka yangu nimemsema bure," alisema, akalipokea jani. Kisha akachukua panga, akakata mkungu wa ndizi, akashuka nao kwa mama. Mimi sikumfuata. Wazee wa ukoo nitawaambia Pasaka watakapokutana, na wakitaka kuninyang'anya kihamba sitabisha.

Amplifaya niliipeleka Arusha kwa fundi anayesuka transfoma, na imerudi inafanya kazi. Yale maboksi manne nimewauzia wana wa Shedrack, ambao wameyafurahia mno, kwa hiyo Desemba ijayo tujiandae. Nimeinunua ile spika nyepesi niliyoidharau. Boksi nimeliunda kwa mbao za mringaringa, wazi nusu mgongoni kama ulivyoniagiza. Juzi nilipiga nyuzi chache, Victoria akatoka jikoni na mwiko mkononi. Sikuwa na haja ya kumuuliza kama linafanana. Nikazima, kwa sababu mwenye wimbo bado hajausikia.

Nilipomwambia mama nataka kumpandishia amplifaya nyumbani nimpigie, alisema tusubiri kwanza. Nikamuuliza tunasubiri nini. Akasema anataka Flavia naye awepo kwenye simu, asikie.

Shangazi Ruth anakusalimu, na anasema atakupigia mwenyewe, ila naye anaona haya kama mimi. Victoria anakusalimu sana na watoto wanamuulizia Violet. Msalimie shemeji, mwambie ile kofia ya sufu aliyoniletea naivaa nikipanda Rombo asubuhi.

Ndani ya bahasha utakuta jani la sale. Likikufikia litakuwa limekauka, lakini fundo nimelikaza. Ni lako. Ulimkasirikia mama kwa kosa langu, nami nikakuacha hivyo miezi yote hii, nikiona ni afadhali umchukie yeye kuliko unicheke mimi. Sijui kama kuna neno la Kiswahili au la Kichagga la kulitosha jambo hilo. Usiharakishe kunisamehe, ila mpigie mama. Hajui kama nimekuandikia. Kila Jumapili akitoka misa ya kwanza anaiweka simu dirishani, pale mtandao unaposhika, anavuta kigoda karibu yake, na redio haiwashi, asije akakosa kuisikia simu ikilia.

Mungu akutunze huko ugenini na akurudishe salama nyumbani kwa mama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimeinamisha uso,

Fabian